Msusi Aliyemkataa Mkali, Akamkataa na Mpole

Mtaani kwao kila mtu alimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Jina lilianza kwa mtoto wa kaka yake, ambaye kila akitoka shule alipanda ngazi za saluni akipiga kelele, "Shangazi, nina njaa!" Wateja wakalidaka, majirani wakalidaka, na mwisho mumewe naye akalidaka. Mume huyo kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi, mtu mpole, mwenye madoa ya chokaa masikioni siku zote.

"Mimi kwako ni shangazi wa nani?" alimuuliza.

"Wa mtaa mzima," mume akajibu, akaendelea kunywa chai yake.

Shangazi alikuwa msusi, na msusi kwelikweli. Vidole vyake viligawa nywele bila macho kusaidia, na njia alizochora kichwani zilinyooka kama uzi uliovutwa. Jambo hilo la kutohitaji macho ndilo lililomponza. Saluni yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na dirisha lake lilitazama ua wa nyuma: karakana ya maseremala upande huu, na upande wa pili ukumbi wa mabati wenye mlango mpana kama wa gereji. Jioni mlango ule ulifunguliwa, na ndani watu waliovaa nguo nyeupe nzito walishikana kola, wakazungushana, wakaangushana chini puu! Ilikuwa judo. Vidole vya Shangazi vilisuka, macho yake yakawa kule chini.

"Shangazi," mteja mmoja alimwambia siku moja, "kichwa changu kiko huku."

Kupenda mieleka hakukumwanzia ukubwani. Alizaliwa kitinda mimba baada ya kaka watupu, na kaka hao walikuwa wakikamatana kila siku baada ya shule. Yeye kazi yake ilikuwa kushika mashati yasichafuke. Alisimama pembeni na rundo la mashati kifuani, akijua nani atapigwa mtama kabla mguu haujanyanyuka, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama na yeye angependa kuvua viatu. Akakua, akajifunza ususi, akaolewa, akalea. Hamu ile haikufa. Ilikaa tu kimya, kama paka chini ya kitanda.

Alipopita umri wa miaka arobaini na kidogo, magoti yakaanza kulalamika kwa kusimama kutwa, na ngazi za saluni zikawa zinamtoa jasho. Kaka yake mkubwa akamshauri atembee tembee jioni. Mumewe akamshauri apumzike. Rafiki yake wa duka la chini, muuza vitambaa aliyeitwa Kicheko kwa sababu ambazo kila aliyemsikia akicheka alizielewa, akamshauri ale matunda. Shangazi aliwasikiliza wote, akawashukuru wote, na jioni ya Jumatatu akashuka ngazi, akavuka ua, akasimama kwenye mlango wa ukumbi.

Mwalimu wa pale aliitwa Chuma. Mchana alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, anatengeneza pasi na feni kwenye kibanda chake pembeni ya barabara. Jioni alifunga mkanda mweusi uliochakaa mpaka nyuzi zikaonekana nyeupe, na akawa mtu mwingine. Alimtazama Shangazi kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama, umekuja kumchukua mtoto?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hapa hakuna mzaha. Hapa watu wazima wanalia."

"Hata kwangu wanalia, mwalimu. Hujawahi kuona mtu anasukwa nywele za mbele."

Vijana waliokuwa wamekaa ukutani wakaangua kicheko. Chuma hakucheka. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Wewe umeshakauka."

"Hata samaki mkavu ukimloweka analainika."

Basi akamkaribisha. Na kweli akakiona cha mtema kuni. Walikimbia kuzunguka ua mpaka maseremala wakaacha kazi kutazama. Wakaruka kichura ukumbi mzima, kwenda na kurudi. Wakapiga pushapu, na Shangazi, ambaye hajawahi kupiga hata moja, alilala kifudifudi akisukuma dunia na dunia ikikataa kwenda chini. Kisha akakabidhiwa kwa seremala mmoja kijana mwenye mikono mizito, jina lake la utani Nyundo, ajifunze kuangushwa. Nyundo hakuwa mtu mbaya. Alifanya alivyofundishwa. Alimwinua Shangazi, akamtupa, akamwinua, akamtupa, na kila mara mkeka ulipolia Chuma alisema, "Tena!"

Alirudi nyumbani hoi, lakini anacheka. Mumewe alifikiri amegongwa na baiskeli.

"Nimepigwa mweleka," Shangazi alisema, uso unang'aa. "Mimi! Na mimi leo nimepigwa mweleka!"

Kucheka kulikwisha asubuhi. Mikono ilikataa kupanda juu ya kifua. Mume alimvalisha blauzi, akamfunga vifungo, akamchana nywele kwa mkono uliozoea brashi ya rangi, kwa mapigo marefu ya juu kwenda chini. Saluni ilipofunguliwa, mteja wa kwanza alikuwa mwanamke anayesafiri siku hiyo hiyo. Shangazi alimkalisha kwenye kigoda kifupi cha mtoto ili kichwa kiwe chini ya mikono, na bado njia zilitoka zimepinda kama njia ya mbuzi. Mwanamke alijitazama kwenye kioo, kisha akaomba kitambaa cha kichwa.

Ungedhani angeacha. Hakuacha. Alikuwa na ukaidi wa watu waliosubiri sana: maji aliyavulia nguo, akasema atayaoga. Akamvuta na Kicheko waende pamoja. Kicheko alikuja kwa sababu alidhani watu wanatania, na siku ya kwanza tu aliporukishwa kichura alikaa chini katikati ya ukumbi akasema, "Mwalimu, chura huyu amefika mtoni, haendi tena," na hakurudi. Shangazi alirudi peke yake, wiki baada ya wiki, amejipaka dawa ya kuchua mpaka wateja wakawa wanapiga chafya. Alijifunza kufunga mkanda. Alijifunza kuingia chini ya mtu mrefu. Siku ambayo alimwangusha kijana mmoja mwembamba bila kijana kujua kilichotokea, alitaka kupiga simu kwa kaka zake wote.

Kisha kikaja kidole. Walikuwa wamechoka, mwisho wa mazoezi, jasho limelowesha mkeka, na Chuma akasema kama kawaida yake, "Sasa ndiyo tunaanza!" Nyundo alivuta kola, kidole cha kati cha Shangazi kikanasa ndani ya mkunjo wa kitambaa, yeye akaenda huku na kidole kikaenda kule. Alisikia kama kijiti kinavunjika. Hakikuvunjika, kiliteguka. Lakini msusi mwenye kidole cha kati kilichovimba kama ndizi ni sawa na dereva asiye na usukani. Saluni ikafungwa.

Alimwendea Chuma kwenye kibanda chake, mkono umefungwa bendeji. Alimkuta ameinamia tumbo la feni.

"Mwalimu, nina swali. Unafundisha watu gani?"

"Watu wa judo."

"Hapana. Mimi ni msusi. Yule mrefu ni mwalimu wa hesabu. Yule mwingine anaoka mikate. Kesho asubuhi kila mmoja ana kitu cha kushika kwa mikono hii. Unatufundisha kama watu ambao kesho hawana kazi."

Chuma aliweka bisibisi chini. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Shangazi, mimi mwalimu wangu alinivunja mfupa wa bega, na kesho yake nilikuwepo mkekani, mkono umefungwa shingoni, naruka kichura. Ndivyo tulivyopikwa. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nikiwabembeleza, siku mtu mbaya akiwashika mtafanya nini?"

"Na mtu mbaya hajanishika bado. Wewe umeshanishika."

"Basi ukitaka raha, kitanda kipo."

Shangazi aligeuka akaondoka. Nguo yake nyeupe aliifua, akaikunja, akapanda kiti akaiweka juu kabisa ya kabati mahali ambapo mikono yake ya wakati huo isingefika. Mumewe hakusema "nilikwambia", na hilo lilimpa heshima kubwa moyoni mwa mkewe. Alisema tu, "Ngoma ikilia sana hupasuka. Ya yule bwana itapasuka, utaona."

Kidole kilipona, saluni ikafunguliwa, na Shangazi akageuza kiti cha wateja kitazame ukuta. Haikusaidia. Kila alipokwenda kumwaga maji alichungulia. Akaona ukumbi unapungua watu. Mwalimu wa hesabu akatoweka. Mwokaji akaonekana mara moja, anachechemea, kisha naye basi. Mwisho walibaki vijana wachache wenye shingo nene, Nyundo akiwa mmoja wao, na hata wao walikuwa wakipeana zamu za kuumwa.

Shangazi na Chuma walikutana tena kwa sababu ya draya. Ilikuwa ile kubwa ya kusimama, yenye kofia anayoivaa mteja kichwani kama mwanaanga, na asubuhi moja ilitoa moshi na harufu ya nywele zinazoungua, ingawa kwa bahati hapakuwa na mtu ndani. Fundi wa karibu alikuwa mmoja tu. Shangazi alimtuma Kicheko akamwite, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa bado amenuna.

Akamsikia anapanda. Ngazi moja, kituo. Ngazi nyingine, kituo. Shangazi alitoka nje ya mlango akatazama chini, na akamwona Chuma ameshika ukuta kwa mkono mmoja na mfuko wa vyombo kwa mwingine, anapandisha mguu wa kushoto, kisha anauvuta wa kulia kuufuata, kama mtoto anayejifunza kutembea. Alipoinua macho na kuona anatazamwa, alijitahidi kupanda mbili za mwisho kwa mwendo wa kijana, na uso ukamkunjamana.

Alitengeneza draya akiwa amepiga magoti sakafuni. Kazi yenyewe haikuwa ndefu, waya tu ulikuwa umekatika shingoni. Alipomaliza, akabaki pale pale chini. Akakusanya vyombo vyake. Akavipanga. Akavipanga tena upya. Kicheko, aliyekuwa amekuja kushuhudia, akafungua mdomo kusema kitu, Shangazi akamkata jicho.

"Mwalimu," alisema taratibu, "umekwama?"

"Magoti haya," Chuma akasema. "Yakishafika chini yanapenda huko."

Shangazi akasogea, akamshika kola kwa mkono huu na mkono wa shati kwa mkono ule, akaingiza nyonga, akamvuta kwa namna ile ile aliyofundishwa kumwangusha mtu, ila sasa kwenda juu. Chuma akasimama wima kabla hajajua. Wakatazamana. Kisha Chuma akacheka, kwa mara ya kwanza Shangazi kumsikia, kicheko chembamba kisicholingana na mwili.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Mtu mmoja mkali sana."

Kicheko akaleta chai. Chuma akakaa kwenye kiti cha wateja, chini ya ile kofia ya draya, kwa sababu ndicho kiti pekee kilichokuwa kirefu cha kutosha kwa magoti yake. Wakaongea mambo ya mtaani, wakaongea bei ya waya, mpaka Shangazi alipouliza alilotaka kuuliza.

"Wale vijana uliofundishwa nao zamani. Mliokuwa mkiruka kichura na mikono imefungwa shingoni. Wako wapi sasa?"

Chuma aliinua mkono ahesabu kwa vidole. Mmoja mgongo. Mmoja bega halikupona. Mmoja alichoka, akasema hataki tena hata kuona mkeka. Mmoja alikuwa bora kuliko wote, alisema, bora hata kuliko mwalimu wao, na shingo ilimwachisha kabla hata hajaoa.

"Kwa hiyo anayefanya mpaka leo ni nani?"

Chuma alitazama mkono wake, akaukunja polepole ukawa ngumi. "Mimi," alisema. "Na wewe umeniona nikipanda ngazi."

Wiki iliyofuata kibao cha mbao kikatundikwa kwenye mlango wa ukumbi, kimechorwa na mume wa Shangazi kwa rangi iliyobaki kazini: Jumanne na Alhamisi, Mazoezi ya Watu Wenye Kazi Kesho. Siku nyingine zilibaki za vijana wa shingo nene, waruke kichura mpaka waridhike.

Wakaja. Mwalimu wa hesabu, mwokaji, Kicheko, wauguzi wa zahanati ya jirani, hata karani mmoja aliyekuwa akichungulia mlangoni muda mrefu kwa aibu. Na Chuma, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, akawa mpole kupita kiasi. Aliwapanga wawili wawili akawaambia, "Taratibu, taratibu, msiumizane." Ukiangushwa, aliyekuangusha alikulaza kama anayeweka mayai mezani. Watu walizungumza wakishikana kola. Mapishi yalijadiliwa. Wajukuu walijadiliwa. Kicheko aliwahi kulala mkekani akasinzia, na Chuma akawaambia wengine wapunguze sauti.

Mwanzoni Shangazi alikuwa na furaha tele. Mikono ilikuwa yake asubuhi, njia za nywele zilinyooka, na kila Jumanne aliangusha watu kama mtu anayevuna mahindi. Kisha jioni moja akamwangusha Kicheko kabla hajamgusa.

"Wewe! Mbona umeanguka? Sijafika bado!"

"Nilikuona unakuja," Kicheko akasema kutoka chini. "Nikaona nikusaidie."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Shangazi akacheka nao, lakini alipokuwa akirudi nyumbani kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. Alhamisi aliwahi mapema akamkuta Nyundo anafagia ukumbi. "Nishike," alimwambia. "Nishike kweli, ila usinitupe. Simama tu." Nyundo akasimama. Shangazi akaingia, akavuta, akasukuma, akapiga mtama uliokuwa ukiwaangusha wauguzi wote. Ilikuwa kama kusukuma kabati lililojaa vyombo. Nyundo hakupepesa hata jicho.

"Nimekuwa nikijidanganya," Shangazi alisema.

"Kidogo," Nyundo akakubali kwa adabu.

Chuma alipofika, Shangazi alimsubiri katikati ya mkeka, mikono kiunoni. "Mwalimu, sasa umetufanya mayai."

Chuma alitazama juu kwenye mabati kana kwamba msaada ungetoka huko. "Shangazi! Nilipokuwa mkali ulinikataa. Sasa mpole unanikataa. Niwe nani?"

"Sijui. Lakini huyu hanisaidii. Yule wa kwanza alinifungia saluni, huyu ananifanya nijione simba wakati ni paka."

"Unataka nini hasa?"

"Nataka anayenishika anishike kweli. Na nataka kesho nisuke."

Ilionekana ni mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Waliyabishania jioni ile mpaka wengine walipofika na kukaa ukutani kusikiliza, na kila mtu akaongeza lake. Mwalimu wa hesabu alisema ugumu wa mazoezi na ugumu wa kuumia ni hesabu mbili, watu wanazijumlisha kimakosa. Mwokaji alisema unga usipokandwa hauumuki, ukikandwa kupita kiasi unakuwa raba. Nyundo, ambaye hakuwa msemaji, ndiye aliyesema jambo lililomgusa Chuma. Alisema yeye kumpinga mtu kwa nguvu zote hakujawahi kumuumiza mtu. Wanaoumia wanaumia kwenye kutupwa wakiwa wamechoka, na kwenye kukataa kusalimu amri. "Kidole cha Shangazi," alisema huku anatazama miguu yake, "tulikuwa tumeshachoka wote wawili. Sikuwa najua tena nimeshika nini."

Basi wakajaribu. Kushikana kukawa kwa nguvu, mpaka jasho litoke, lakini kwa vipande vifupi, na mtu akianza kutetemeka anakaa chini bila kuulizwa. Kutupana kukabaki kwa wakati miili ingali mipya. Kila jioni kabla ya kuanza, kila mtu alitaja kesho ana kazi gani, na mwenzake alijua cha kuchunga: vidole vya msusi, mgongo wa muuguzi, miguu ya Kicheko iliyokuwa ikisimama dukani kutwa. Na likawekwa sharti moja lisilo na mjadala. Ukikabwa au ukikunjwa mkono na huoni njia, unaupiga mkeka kwa kiganja, na aliyekushika anaachia papo hapo, awe nani, hata kama alikuwa karibu kushinda. Kupiga mkeka si kushindwa, Chuma alisema, na ilionekana maneno hayo yanamtoka kwa shida, kama jino.

Nyundo ndiye aliyebadilika kuliko wote. Aligundua kwamba kumbana msusi bila kumvunja ni kazi ngumu kuliko kumtupa, inahitaji akili zote mbili, ya mkono na ya kichwa. Shangazi naye aligundua kwamba kabati husogea, ukijua kusubiri lipumue.

Mwaka uliofuata vilabu vya mji viliandaa mashindano, na kulikuwa na kundi la wanawake watu wazima. Chuma hakutaka kumpeleka mtu. Shangazi alijiandikisha mwenyewe. Siku ya siku ukumbi ulijaa. Kaka zake walikuja wote, wamenenepa, wameota mvi, wakakaa mstari wa mbele pamoja na shemeji yao mpaka rangi. Kicheko alikuja na sauti yake. Mwalimu wa klabu moja kubwa alipopita na kuona kundi la Chuma, mwokaji na wauguzi na karani, alisema kwa sauti ya kusikika, "Hawa wamekuja kwa mazoezi au kwa kikao cha harusi?" Chuma alikunja ngumi, akaikunjua.

Mpinzani wa Shangazi alikuwa dereva wa lori, mwanamke mwenye mabega kama mlango na tabasamu zuri. Waliinamiana, wakashikana. Shangazi alijua mara moja kwamba huyu hatamsaidia kuanguka. Alisukumwa mpaka pembeni, akarudi. Akasukumwa tena. Alisubiri. Dereva alipovuta pumzi, Shangazi akaingia chini yake na mguu ukaenda wenyewe, mtama safi, na lile bega pana likalia kwenye mkeka. Kaka zake wote waliruka juu. Mkubwa wao alikuwa anapiga kelele, "Umeona? Umeona mguu huo?" kwa watu asiowafahamu.

Haukuwa ushindi kamili, mwamuzi alitoa nusu ya pointi, na mchezo ukaendelea chini. Na chini dereva alikuwa nyumbani kwake. Kabla Shangazi hajajipanga, mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa katikati ya mapaja ya yule mwanamke, kiwiko kinageuzwa polepole mahali kisipopaswa kwenda. Shangazi alikuwa mbele kwa pointi. Muda ulikuwa karibu kwisha. Ukumbi mzima ulisimama.

"Vumilia!" watu walipiga kelele. "Vumilia, muda unakwisha!" Kaka zake walipiga kelele hivyo. Hata Kicheko. Shangazi alikaza meno. Alijiambia anaweza, kidogo tu, kidogo tu.

Ndipo alipoisikia sauti ya Chuma ikipita juu ya zote. "Piga mkeka, Shangazi! Piga! Huo ni mkono wa kazi!"

Akapiga. Dereva akaachia papo hapo, akamsaidia kuketi, akamwuliza kama kiwiko kizima. Kilikuwa kizima. Mwamuzi akainua mkono wa dereva. Shangazi alitoka mkekani ameshindwa, na kwa hatua chache moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu alitaka sana kushinda, hakuna haja ya kusema uongo. Lakini Chuma alikuwa amesimama pale pembeni, macho yamelowa, amejishika bega lake lililovunjwa zamani bila kujua.

"Zamani," alimwambia, "ningekwambia uvumilie."

"Najua."

"Na ungenisikiliza, maana wewe mkaidi."

"Hilo nalo najua," Shangazi akasema, na wote wawili wakaanza kucheka, mpaka mwamuzi akawaomba wapishe mkeka.

Kesho yake asubuhi alisuka vichwa mpaka mchana, mikono ikienda kama kawaida. Jioni ya Jumanne alimng'ang'ania Nyundo amkunje mkono ule ule, tena na tena, mpaka alipopata mahali ambapo kiwiko huteleza na kutoka. Chuma alikwenda hospitali kuonyesha magoti, jambo ambalo alikuwa amelikwepa kwa miaka, akapewa mazoezi ya kunyoosha miguu ambayo aliyafanya kwa siri kibandani mpaka Kicheko alipomfuma. Vijana wa shingo nene waliendelea na siku zao za kuruka kichura, na baadhi yao wakaanza kuja Alhamisi pia, wakisema wamekuja kusaidia tu.

Ubishi haukwisha. Shangazi na Chuma hubishana mpaka sasa, ni dakika ngapi zinatosha, nani yuko tayari kwa lipi, na safari hii ni kuhusu mama yake Kicheko, ajuza aliyestaafu ukunga, ambaye amesikia habari za kujifunza kuanguka vizuri akasema anaitaka elimu hiyo kabla hajaanguka vibaya. Chuma alisema hapana. Alisema kuna mipaka, na kwamba hata yeye ana moyo. Shangazi alisema mtu anayehitaji kujua kuanguka kuliko wote ni huyo. Wakavutana wiki nzima, kibandani, saluni, mpaka barabarani.

Alhamisi walipofungua mlango wa ukumbi, bibi alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka, anavua viatu vyake, anavipanga sawasawa kando. Akasimama, akakunja mikono ya gauni, akawatazama mmoja mmoja, Nyundo, mwokaji, mwalimu wa hesabu, wauguzi.

"Haya, wanangu," alisema. "Naanza na nani?"